Kufufua trekta kuukuu nyumbani: mwongozo kamili kwa familia za Nyanda za Juu Kusini

Pita Ismani, Ilula, Mbozi au pembezoni mwa mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe, hukosi kuliona: trekta jekundu lililogeuka kutu, limeegeshwa chini ya mti, tairi za nyuma zimekalia rimu, na kuku anatagia chini ya kiti. Mengine ni mabaki ya enzi za mahindi ya Ismani, mengine ya mashamba ya tumbaku ya Iringa, mengine yalikuwa mali ya kijiji yakakosa spea. Wenyewe wamekwisha kuyakatia tamaa, na wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita kila mwezi kuulizia.

Mwongozo huu ni wa familia inayotaka kulifufua moja kwa Jumamosi na likizo za watoto, kwa raha yake. Anayetaka kuwalimia watu kwa ekari msimu huu anunue lililo zima. Ukipiga hesabu ya biashara kwenye trekta la mwaka 1968 utakosana na mkeo au mumeo kabla injini haijawaka.

Jambo moja niliseme mapema, maana ndilo linalomaliza pesa za watu: usinunue spea hata moja kabla hujapima. Mafundi wetu wengi wana mikono mizuri lakini wana haraka ya kufungua. Siku ya kwanza injini iko chini, vipande vimetandazwa kwenye gunia, kumbe tatizo lilikuwa upepo kwenye bomba la dizeli. Utaratibu wote wa hapa chini umepangwa kuzuia hilo.

Chagua trekta ambalo spea zake bado zipo

Kwa anayeanza jibu langu ni fupi: Massey Ferguson 135 la dizeli. Lilianza kutoka kiwandani Coventry, Uingereza, mwishoni mwa 1964 na likaendelea hadi katikati ya miaka ya 1970. Injini yake ni Perkins AD3.152 ya silinda 3, lita 2.5, nguvu ya farasi kama 45. Injini za ukoo huo ziliendelea kufungwa kwenye Massey za baadaye kama 240, kwa hiyo ringi, slivu, gasketi na filta zake bado zinapatikana kwenye maduka ya spea za trekta mijini, na fundi yeyote wa umri wangu amewahi kuzishika. Ford 5000 ni mashine nzuri, ila ni kubwa na nzito kwa familia yenye jeki moja. Fordson Major na David Brown waachie waliokwisha kuzoea.

Ukikutana na Massey 35, hesabu silinda kabla ya kutoa mkono wa kupatana bei. Zile 35 za dizeli za mwanzo zilifungwa injini ya silinda 4 ya Standard, na injini hiyo inasifika kwa kugoma kuwaka kwenye baridi. Kuanzia 1959 zikaanza kufungwa Perkins ya silinda 3, ambayo haina ugomvi huo. Mtu wa Kyela anaweza kuivumilia ile ya silinda 4. Mtu wa Njombe au Makete ataichukia kila asubuhi ya mwezi wa saba.

Ukifika kwa muuzaji, usivutwe na rangi wala maneno ya "lilikuwa linawaka mwaka juzi tu". Omba ruhusa ya mzee mwenyewe, kisha fanya haya kwa mpangilio huu. Chomoa kijiti cha oili ya injini: ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Fanya hivyo hivyo kwenye kijiti cha oili ya gia boksi na haidroliki, upande wa kulia karibu na miguu ya dereva. Hapo maziwa ni jambo la kawaida kwa trekta lililonyeshewa, kwani maji hupitia kwenye mpira wa fito ya gia, na hayakutishi sana. Kwenye injini yanatisha. Pitisha mkono ubavuni mwa bloku ukitafuta ufa au mstari wa kutu uliotiririka, hasa kama trekta limetoka Makete au upande wa Kitulo ambako usiku wa Juni na Julai maji huganda. Tikisa gurudumu la mbele kulia na kushoto. Mwisho shika spana kubwa kwenye nati ya puli ya mbele na ujaribu kuizungusha injini. Ikisogea hata kidogo, bei yako inaweza kupanda. Ikigoma kabisa, bado si mwisho wa safari, lakini lipa bei ya injini iliyokwama.

Karatasi nazo. Linganisha namba ya chesisi iliyo kwenye kibati na iliyo kwenye kadi ya usajili, na muuziane mbele ya serikali ya kijiji au mtaa. Matrekta mengi kuukuu ni mali ya marehemu. Hakikisha ndugu wote wanaohusika wamesaini, la sivyo siku litakapowaka na kung'aa shangazi mmoja atatokea Dodoma akidai fungu lake.

Msimu, mahali na mgawanyo wa kazi

Huku kwetu mvua inaanza Novemba au Desemba na kukata Aprili au Mei. Trekta lililofunguliwa nje Februari ni trekta lililokufa mara ya pili, na kwa Tukuyu ambako mvua karibu haikati, bila paa usianze kabisa. Anza Juni, watoto wakiwa likizo. Sakafu ya zege ni bora. Kama huna, shindilia udongo na utandike mbao nene chini ya jeki. Weka lengo la Nanenane: siyo trekta liwe tayari, bali familia nzima iende viwanja vya John Mwakangale hapo Mbeya, mkaangalie matrekta mapya kwa jicho la watu wanaojua kilichomo ndani.

Vifaa havihitaji kuwa vingi. Seti ya spana na boksi spana, na ujue kwamba trekta la Kiingereza la miaka hiyo limejaa nati za vipimo vya inchi. Spana ya milimita inayokaribia kufanana itakula pembe za nati na utajuta. Nyundo ya chuma na ya mbao, brashi za waya, fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), jeki ya tani tano au zaidi, magogo ya mti mgumu, sufuria kuukuu, makopo yenye mifuniko. Toki renchi, yaani spana ya kukaza kwa kipimo, azima kwa fundi unayemwamini.

Mgawanyo wa kazi ndiyo siri ya kuifanya shughuli iwe ya familia badala ya kuwa ya baba huku wengine wakileta chai. Mmoja awe na daftari na simu: kila kinachofunguliwa kinapigwa picha kikiwa bado mahali pake, nati zake zinaingia kwenye mfuko wenye maandishi, na daftari linaandikwa. Kwetu kazi hiyo ni ya binti yangu wa darasa la saba, na hairuhusiwi nati kuondoka mezani bila yeye kuandika. Wadogo wanasafisha na kupanga. Mwenye subira, ambaye kwenye nyumba nyingi ni mama, anafaa kwa kazi za vipimo. Wazee wana kazi yao pia. Baba mkwe aliendesha matrekta haya ujanani. Haoni vizuri siku hizi, lakini anakaa kwenye kiti cha plastiki na kutuambia kwa sauti ya injini pekee kwamba silinda moja haifanyi kazi.

Sheria za usalama zisemwe siku ya kwanza na zisirudiwe kwa utani. Hakuna anayeingia chini ya trekta lililoshikiliwa na jeki tu, lazima magogo yawepo. Hakuna anayepanda kwenye madigadi, hata dereva akiwa babu, kwani watoto wengi vijijini wameangukia tairi la nyuma kutoka hapo. Na kila mtu, kabla ya kujua linavyowashwa, ajue linavyozimwa: kwenye dizeli hizi kuzima swichi hakuzimi injini, unavuta kipini cha kusimamishia.

Hatua ya kwanza: safisha, kisha uache injini iloe

Osha matope na grisi kuukuu kwa mafuta ya taa na brashi, halafu maji ya sabuni. Ziba kwanza bomba la moshi, mdomo wa filta ya hewa na kifuniko cha tanki kwa mifuko. Usitumie mashine ya presha karibu na pampu ya dizeli wala dainamo. Kusafisha kunaonyesha panapovuja, na ndiyo maana kunatangulia.

Injini ikiwa imekwama, chomoa nozeli zote tatu, zile zinazopulizia dizeli kwenye silinda. Kama zimeng'ang'ania kwenye silinda hedi, zimwagilie mafuta ya kulegeza kutu kwa siku kadhaa, usizing'oe kwa patasi. Mimina kwenye kila tundu dizeli iliyochanganywa nusu kwa nusu na oili ya gia otomatiki. Kesho yake angalia kama imeshuka, ongeza. Baada ya wiki, jaribu kuizungusha kwa spana kwenye puli ya mbele, mbele kidogo, nyuma kidogo. Sentimita moja ikipatikana, umeshinda, rudia kila jioni. Kinachokatazwa ni kulifunga mnyororo na kulivuta na gari lingine ili liachie kwa nguvu. Hapo ndipo ringi zinapovunjika na fimbo za pistoni kupinda.

Ikishaachia, izungushe mara nyingi nozeli zikiwa nje, matundu yakiwa yamefunikwa kwa gunia, ili mchanganyiko wote utoke. Mafuta hayabaniki kama hewa. Ukirudisha nozeli na kupiga stata huku silinda imejaa, kitu kitavunjika. Nozeli peleka kwa fundi wa pampu na nozeli azipime presha na mpulizo. Ni kazi ya muda mfupi na ndiyo pesa iliyotumika vizuri kuliko zote. Zikirudi, kila moja ipewe washa mpya ya shaba, na uhakikishe ya zamani haikubaki kwenye tundu.

Hatua ya pili: dizeli safi, na kutoa upepo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nusu ya matrekta yanayoitwa "mabovu injini" huku kwetu ni mabovu hapa.

Shusha tanki. Limwage, utie changarawe safi na dizeli kidogo, vijana walitikise mpaka kutu itoke, kisha lisuuzwe kwa dizeli mara kadhaa. Likitoboka usikubali lichomelewe kirahisi, maana mvuke wa mafuta umewaua mafundi wenye uzoefu. Lioshwe kwa maji ya moto na sabuni, na lijazwe maji mpaka karibu na tundu kabla moto haujasogea. Badilisha filta za dizeli. 135 nyingi zina mbili, na kosa la kawaida ni kubadilisha moja. Mipira ya duara inayokuja na filta mpya ivae yote, na ile ya zamani iondolewe mahali pake kwa kucha, kwani mara nyingi hubaki imegandia juu na mpya inawekwa juu yake. Hapo hewa itavutwa milele.

Sasa kutoa upepo. Tanki liwe na dizeli ya kutosha na koki iko wazi.

1. Legeza skrubu au bolti ya kutolea upepo juu ya filta. Piga kile kimkono kidogo cha pampu ya mkono ubavuni mwa injini. Kama kimelegea tu na hakivuti, usiilaumu pampu bado. Kijino cha ndani ya injini kinachoisukuma kimesimama kwenye kilele. Zungusha injini kidogo, ujaribu tena.
2. Dizeli itaanza kutoka na povu, kisha mapovu makubwa machache, kisha mtiririko mtupu. Funga huku bado inatoka.
3. Nenda kwenye pampu yenyewe ya dizeli. Ina skrubu mbili za kutolea upepo, moja juu kwenye kifuniko cha gavana (kidhibiti mwendo), nyingine chini yake ubavuni. Fanya vile vile, ile ya chini kwanza.
4. Legeza nati za mabomba kwenye nozeli mzunguko mmoja na nusu hivi. Akselereta iwe juu kabisa, kipini cha kuzimia kirudishwe ndani. Piga stata. Kila bomba likianza kuchuruza, kaza. Weka uso na mikono mbali: dizeli ya presha hupenya ngozi na kidonda chake ni cha hospitali, si cha nyumbani.

Kazi ya kimkono ndiyo ninayopenda kumwachia mtoto. Vidole vyake vinaingia vizuri, na macho yake yanaona povu kuliko yangu. Binti yangu alikuwa akipiga huku ameinamisha kichwa pembeni ya skrubu, na kila povu likipasuka anasema "bado", mpaka ikatoka nyuzi moja ya dizeli isiyokatika, akasema "funga" kabla sijaiona.

Ikiwa baada ya siku mbili upepo umerudi, tafuta washa za shaba kwenye maungio na bomba kati ya tanki na pampu ya mkono. Huko hewa huingia bila dizeli kuvuja nje, ndiyo maana watu hawaioni.

Hatua ya tatu: kuliwasha kwa mara ya kwanza

Mwaga oili ya zamani ikiwa na joto la jua, badilisha filta, tia karibu lita 7 za 15W-40 ya dizeli. Safisha filta ya hewa: kwenye matrekta haya ni bakuli lenye oili chini, na mara nyingi utakuta bakuli limejaa tope la vumbi hadi hewa haipiti. Oshea mafuta ya taa, tia oili mpya mpaka kwenye alama, si zaidi, maana oili ikizidi injini itainyonya. Redieta jaza maji uone panapovuja. Ukisharidhika, utatia maji yenye dawa ya redieta.

Betri ya volti 12 iwe na nguvu. Kabla ya kuiunganisha angalia nyaya za zamani: baadhi ya matrekta ya dainamo yalitoka kiwandani chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Stata ikiwa kimya kabisa, kagua fito ya gia ndogo na kubwa. Kwenye 135 nyingi lazima ikae katikati, palipoandikwa S, ndipo umeme upite. Nimeona betri mpya ikinunuliwa kwa sababu ya herufi hiyo.

Kwanza zungusha injini kwa stata kipini cha kuzimia kikiwa kimevutwa, kwa vipindi vifupi, mpaka geji ya oili ipande. Ndipo urudishe kipini. Asubuhi ya baridi tumia kipasha moto cha kwenye bomba la hewa: shikilia swichi sekunde kama 15 hadi 20, kisha piga. Usipulize dawa za kuwashia kwenye bomba hilo. Kipasha moto hicho kinatoa mwali halisi, na mlipuko wake unavunja pistoni.

Mtu mzima mmoja asimame na ubao bapa karibu na mdomo wa filta ya hewa. Injini ya dizeli iliyokaa muda mrefu inaweza kukimbia yenyewe ikila oili yake au pampu ikiwa imekwama, na ikifanya hivyo kipini hakisaidii. Kuziba hewa ndiko kunakoizima. Ubao, si kiganja.

Ikiwaka, iache mwendo wa chini kidogo na usome moshi. Mweupe wenye harufu kali ya dizeli inayopungua injini ikipata joto ni kawaida. Usipokoma, nozeli au muda wa pampu una hitilafu. Mweupe huku maji ya redieta yanapungua na kutoa mapovu, gasketi ya hedi. Wa bluu, inakula oili. Mweusi, mafuta mengi kuliko hewa. Kwa mweusi kumbuka tulipo: injini isiyo na tabo (kisukuma hewa) hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko, na Mbeya mjini ni karibu mita 1,700. Zile farasi 45 za kwenye kitabu hapa ni kama 38. Moshi mweusi kidogo likibeba plau mlimani usikupeleke kuongeza mafuta kwenye pampu, utaongeza moshi tu.

Presha ya oili kwenye mwendo wa kazi isishuke chini ya 30 psi injini ikiwa na moto. Fungua kifuniko cha kutilia oili: mvuke mdogo si neno, lakini ukipuliza kwa mapigo kama bomba la moshi, ringi na slivu zimekwisha. Sasa, na si kabla, ndipo unajua kama injini inahitaji kufunguliwa.

Hatua ya nne: kupima valvu, na ukilazimika kufungua

Hata injini nzuri ipimwe nafasi za valvu. Ni kazi ya mezani kwa utulivu wake, na mtoto wa sekondari anaweza kuifanya vizuri kuliko fundi aliyechoka. Ondoa kifuniko cha juu, injini ikiwa baridi. Zungusha kwa mkono. Kwa kila silinda, valvu ya moshi inapoanza kufunguka, rekebisha ya hewa. Valvu ya hewa inapokaribia kufunga, rekebisha ya moshi. Fila geji ya inchi 0.012, yaani milimita 0.30, ipite kwa kukwaruza kidogo. Kaza nati ya kushikilia, kisha pima tena, kwa kuwa ukikaza nafasi husogea.

Kufungua hedi, kubadilisha slivu na kusaga krenki ni mradi mwingine. Kazi ya mashine peleka kwenye karakana yenye leizi, mashine ya kuchongea vyuma. Kufungua na kufunga fanyeni wenyewe na fundi mmoja mzee pembeni. Ikiwa ni klachi, itabidi trekta likatwe katikati, injini ipelekwe mbele na gia boksi ibaki nyuma. Kabla ya kulegeza bolti hata moja, gongomea kabari za mti mgumu kati ya ekseli ya mbele na kiegemeo chake, kushoto na kulia. Ekseli hiyo imeshikwa na pini moja katikati. Bila kabari injini nzima inalala ubavu mara inapoachana na gia boksi, na inamlalia aliye karibu.

Haidroliki, breki na yaliyobaki

Oili ya gia boksi, difu na haidroliki kwenye Massey hizi ni moja, karibu lita 30. Ikiwa ni maziwa, imwage, tia ya bei nafuu, endesha kidogo ikipata joto, imwage tena, ndipo utie oili halisi ya trekta. Safisha kichujio cha ndani. Haidroliki nyingi "zilizokufa" hupona kwa hilo tu. Halafu badilisha mpira wa fito ya gia, vinginevyo umemwaga pesa.

Breki za kushoto na kulia zina pedali mbili. Zirekebishe zishike sawa, na barabarani zifungwe pamoja kwa kile kichuma chake cha kuziunganisha. Mteremko wa Igawilo si mahali pa kugundua kwamba moja haishiki. Kingipini na tai rodi zikilegea badilisha bushi, ni kazi ndogo. Tairi za kawaida ni 6.00-16 mbele na 12.4/11-28 nyuma. Kwa trekta la burudani zenye nyufa ndogo zinavumilika, zenye nyuzi zilizotokeza hapana.

Unapovuta chochote, fungia kwenye kiungo cha chini nyuma, kamwe si juu ya ekseli. Likivutwa kutoka juu linanyanyua mbele na kumgeukia dereva, na matrekta ya enzi hizo hayana fremu ya kumkinga.

Rangi ndiyo ya mwisho, na ninajua ndiyo watoto wanayoisubiri. 135 ni nyekundu bodi ya juu, kijivu injini na chesisi, fedha kwenye rimu. Kwangua kutu mpaka chuma, futa kwa thina, piga praima siku hiyo hiyo kabla ukungu wa jioni haujashuka, kisha rangi mkono mwepesi mara mbili au tatu. Paka kati ya saa nne asubuhi na saa tisa, baada ya hapo hewa ya huku inakuwa na unyevu na rangi inapoteza mng'ao. Binafsi napenda bodi iachwe na mikwaruzo yake, ila nyumbani nilishindwa kwa kura.

Matunzo ya kila mara

Kabla ya kuwasha: oili, maji, na kumwaga maji yaliyotuama chini ya filta ya dizeli. Grisi kila baada ya siku ya kazi kwenye chuchu zote, ukipiga mpaka grisi chafu itoke na safi ionekane. Kila masaa 100 mimi hubadilisha oili ya injini na filta, na kusafisha bakuli la hewa. Wakati wa vumbi la Septemba bakuli linataka kila wiki. Dizeli nunua kituo chenye wateja wengi, acha ya kwenye madumu ya barabarani.

Likiwa linalala msimu wa mvua, jaza tanki pomoni ili unyevu usipate nafasi ndani, geuzia kopo kwenye bomba la moshi, funga mpira wa fito ya gia kwa mfuko, chomoa betri uingize ndani. Kwa walio Makete na Njombe juu, maji matupu yasilale kwenye redieta mwezi wa sita na wa saba: ama tia kulanti (dawa ya redieta), ama fungua koki za redieta na bloku jioni. Na kanyaga klachi mpaka chini, uibane kwa kipande cha mbao kilichokatwa kwa urefu wake, kwa sababu klachi iliyoachwa imebana miezi mitano ya mvua hugandia kwenye fulawili, na kuibandua ni kulikata trekta upya. Andikeni kwenye usukani kwamba mbao ipo, ili mjomba asije akaliwasha Mei akijiuliza kwa nini halina gia.